Presha ya Kushuka

Muhenna kalileta saa moja asubuhi,
Landkruza ya dizeli, vumbi la mlima bado puani mwake.
"Halipandi," kasema. "Nikishika kona za juu ya Birkat al-Mauz
linakata pumzi, taa ya njano inawaka,
malori ya maji yananipita. Mimi!"

Nikauliza kama daktari wa zamu:
linatoa moshi? Wa rangi gani?
Mweusi.
Basi mafuta yanamwagwa na hewa haifiki.
Nikachomeka mashine ya kusomea kompyuta:
turbo imeombwa paundi kumi na saba, imetoa tisa.
"Gari lina presha ya kushuka," nikamwambia,
na Biju akacheka kwa Kimalayalamu chake;
maneno hayo kayaokota kwenye simu zangu na mama,
ambaye yake ni ya kupanda.

Tukaanza. Pampu ya mkono kwenye kiwambo cha lango la moshi:
fimbo ikatoka, ikasimama, haikutetemeka.
Vali ya umeme ikajibu tik, tik.
Povu la sabuni tukapaka mipira yote,
halikutoa Bubujiko hata moja.
Kila kiungo kizima, na mgonjwa hajiwezi.
Hapo ndipo ninapoogopa.

Sanaiya ya Nizwa ikafika nyuzi arobaini na saba,
spana haishikiki bila kitambaa.
"Kaza tu ile fimbo," akasema Muhenna.
"Jamaa wa Barka alinikazia, likaruka wiki nzima."
Nikaitazama nati: kweli, imezungushwa mara tatu
kupita alama ya kiwandani.
Nikairudisha. Akanuna.
Kikomo hakikuwekwa kwa choyo, bwana;
nyuma yake kuna pistoni, kuna gasketi
nyembamba kama chapati ya maji.

Saa nane tukapanda nalo,
geji nimeibandika kiooni kwa utepe,
mpira wake umepita dirishani kama dripu.
Askari wa kizuizi akatuangalia, hakusema kitu.
Kumi na mbili. Kumi na tano. Kumi na sita.
Kona ya nne, nikasikia *sss*,
kama mtu aliyeumwa na neno akashindwa kulimeza,
na sindano ikalala.

Nyuma ya kipoza hewa, chini ya klampu,
mpira una ufa wa urefu wa ukucha.
Ukipoa unafumba.
Asubuhi nzima ulikuwa umefumba,
ukiniangalia ninavyoupaka sabuni.

Usiku mama akapiga, kutoka Sib.
Umepima?
"Nimepima alfajiri, mwanangu, iko sawa kabisa."
Alfajiri.
Mikono yangu ilikuwa bado inanuka dizeli.
"Kesho pima saa nane mchana," nikamwambia,
"ukitoka jikoni. Kabla hujakaa."