Mkono wa Kushoto

Treni ilinishusha Bahi kabla ya jogoo wa pili.
Bibi Mbeleje alikuwa macho, anapepeta uwele.
"Haya. Pwani umeona nini?"
Nikamwambia: shimo.

Kweli, shimo. Walimu kumi na wawili wa Ugogo,
tumechanga miezi minane, basi limetufia Gairo tukalala,
tumelipa kiingilio, tukapewa risiti,
tukaonyeshwa mtaro uliomezwa na magugu,
kingo zake za matumbawe,
na mbuzi wawili ndani, kila mmoja na kigingi chake.

"Hapa," akasema mwongozaji, kijana mwenye sauti ya kukariri,
"miaka mia saba iliyopita, waliunda vyombo."
Kuunda. Neno lenyewe lilinikaa vizuri mdomoni.
Bila msumari. Ubao ulitobolewa ukingoni,
ukaletwa wa pili, zikashonwa kwa kamba ya makumbi,
halafu chombo kizima kikapakwa sifa:
mafuta ya papa, ilibidi afafanue, maana tulicheka,
sisi wa makao makuu tunaojua sifa za aina nyingine.

Akataja masultani sita kwa pumzi moja.
Mwalimu Chilongani akauliza: na mafundi?
Kijana akawatazama mbuzi.
"Mafundi hawakuandikwa."

Bibi akauweka ungo chini.
"Wameshona mti."
"Ndiyo, Bibi."
"Na wewe ukapanda basi siku mbili kwenda kutazama mshono."
Akaingia ndani. Nikasikia masufuria, nikasikia akigombana na paka,
akatoka na kibuyu cha mbegu, kile kikubwa,
kilichopasuka kabla baba hajaota meno.

Ufa unashuka toka shingoni hadi tumboni,
matundu ya sindano ya moto huku na huku,
kano ya ng'ombe imepita, imerudi, imepita, imerudi,
na nta imeziba, nyeusi kwa uzee.
Mwaka mbuga ilipofurika ikala reli,
maji yalikichukua kibuyu hiki, na kuku, na mlango.
Siku ya nne wakakikuta Chali, kimenasa kwenye miiba.
Wakakizibua. Mtama mkavu, unalia kama njuga.

Nikapitisha kidole kwenye mshono,
mimi niliyekatazwa kule kugusa mawe.
Mishono thelathini na mmoja. Nimehesabu mara mbili.
Kumi na tisa ya juu imelala upande mmoja,
mshazari, kama mvua yetu inavyokuja.
Kumi na miwili ya chini imegeukia huku.

"Hapo nilichoka," akasema Bibi. "Hapo ni Nyemo, dada yangu.
Alitumia mkono wa kushoto.
Walimchapa sana kwa hilo."

Akauchukua ungo, akaendelea na uwele.