Safu ya Nne

Hull, mwezi wa kumi na moja, chumba cha chini ya kanisa.
Tulibandika karatasi kubwa ukutani, ukuta ukaikataa:
gundi haishiki penye unyevu.
Tukaitandaza sakafuni, tukaizunguka kwa magoti
kama watu waliodondosha sindano.

Mti wa matatizo, ndivyo mwongozo ulivyoagiza.
Mizizini: hakuna pa kuanikia nguo.
Shinani: nguo hazikauki ila juu ya hita za vyumbani,
kuta zinanywa mvuke,
ukungu mweusi unachora ramani nyuma ya kabati.
Na juu kabisa, tawini, kwa mwandiko wa Nzigire:
Cikuru hawezi. Siku tisa hajaenda shule.

Sasa geuzeni, mwongozo ukasema, kila tatizo liwe lengo.
Nikaona lugha yetu ilivyo nyepesi kwa kazi hii.
Toa *ha* tu.
Hakuna: kuna.
Hazikauki: zakauka.
Hawezi: aweza.
Tulikwangua silabi kama magamba ya samaki
na kabla chai haijapoa mtoto alikuwa amepona,
pale kwenye karatasi.
Wepesi ule ulinitia hofu kidogo. Sikusema.

Kisha jedwali. Husomwa kutoka chini kwenda juu:
tukinunua mashine mbili, chumba kitakuwepo;
kikiwepo, nguo mbichi zitatoka majumbani;
zikitoka, kuta zitakauka;
zikikauka, watoto watalala bila kukohoa.
*Ki, ki, ki, ki*: vidato vya ngazi.

Safu ya pili, viashiria: kilo mia mbili kwa wiki, kaya thelathini na moja.
Safu ya tatu, uthibitisho: daftari, bili ya umeme, rejista ya shule.
Safu ya nne, mategemeo.
Basi la mwisho la Nzigire lilikuwa limebakiza dakika sita.
Nikaandika mbiombio: *Mwenye nyumba atatengeneza mifereji ya paa.*
Nukta. Kofia ya kalamu.

Bi Oldroyd wa mfuko alisifu mantiki yetu, kwamba imenyooka.
Fedha zikaja. Mashine zikanguruma.
Kilo mia mbili na arobaini!
Wanawake wakikunja shuka wawili wawili,
wanaachana, wanakutana, wanaachana,
na umbea ukikunjwa humo humo.
Viashiria vyote vilipita.

Januari nilikwenda kwa Nzigire na kalamu yangu.
Cikuru alifungua mlango, akakohoa kabla ya kunisalimu.
Shati lake kavu. Soksi zake kavu.
Nyuma ya kabati, ramani ilikuwa imeongeza mkoa.
Nikatoa kichwa dirishani: mfereji umepasuka,
nyasi zimeota ndani yake,
na maji yanateremka ukutani bila haraka, kama mpangaji halali.

Ripoti niliianza hivi:
*Mifereji ingalitengenezwa, kuta zingalikauka.*
Nzigire alisoma juu ya bega langu.
"Hiyo *ngali* yako ni ya matanga," alisema.
"Nani amekufa hapa?"

Akachukua mkasi.
Akakata kile kisanduku cha safu ya nne,
akakibandika chini kushoto, kwenye shughuli,
juu ya mashine, juu ya daftari, kikafunika jina langu.
Akafuta *atatengeneza*. Akaandika *tutamwendea*.

Ijumaa tulikuwa kumi na mmoja
katika ofisi ya Hebblethwaite, wakala wa nyumba,
zulia jipya, hewa ya moto na kavu ajabu.
Kijana wa mapokezi aliuliza kama tuna miadi.
Nzigire akafungua mfuko wa plastiki,
akatoa kipande cha karatasi ya ukutani, kipana kama sinia,
akakilaza mezani, upande mweusi juu.
"Uthibitisho," alisema, kwa Kiswahili,
na hakuna aliyemtafsiria.

Harufu ilifanya kazi yake.
Mlango wa ndani ukafunguka.
Nje mvua ilikuwa ikinyesha.
Hilo, angalau, tulikuwa tumelitegemea.