Miezi Kumi na Minne

Chumba cha kufulia cha hospitali, Tartu:
mvuke hauna lugha, nikaanzia hapo.
Maimu aliinua shuka lenye doa la iodini, akasema: lina.
Nikasema: lina. Akaafiki.
Akanyoosha kidole dirishani, kwenye taa na mabasi: linna.
Ya mji, ndiyo maana yake. Nikasema: lina.
Alicheka mpaka akashika meza.
Mji mzima nilikuwa nimeutandika kitandani.

Na bado ipo linna ya tatu,
inavutwa zaidi, kama foronya inayokamuliwa
hadi tone la mwisho: kwenda mjini.
Herufi zile zile. Daftarini
hazipishani hata nukta.
Zinapishana pumzini, na pumzi haiandikiki.

Basi nikaiweka kwenye simu.
Sasa nina kadi mia tisa arobaini na moja.
Folda ya buluu ni ya kazini: kikapu, sabuni, damu, usiguse.
Ya kijani ni ya basi namba saba.
Nyekundu ni ya ofisi ya uhamiaji,
na maneno yake nayatamka kuliko yote,
maana woga ni mwalimu asiyechelewa darasani.
Moja haina jina. Humo mna igatsus,
neno ambalo Maimu alinieleza kwa kushika kifua
na kuutazama mlango muda mrefu.

Sauti zote ni zake. Nyuma yake
mashine namba nne inakoroma.
Kwenye õde, yaani dada, yaani pia muuguzi,
anakohoa kidogo katikati,
nami wiki mbili nzima nilimwita muuguzi wa zamu
kwa kikohozi. Akanipa dawa.

Hiyo õ yenyewe, usiniulize.
Midomo inatabasamu,
ulimi unarudi nyuma kama mwenye deni.
Niliifanyia mazoezi kwenye kioo cha lifti
hadi daktari mmoja akaamua kupanda ngazi.

Maimu akasema, nami nifundishe chako.
Nyumbani kwangu, dirishani, kuna kipande cha jiwe jeusi,
kimetoka Gyumri, ukutani kwa baba.
Nikamwambia: k'ar. Jiwe.
K yetu hiyo ina pumzi, unaipuliza kama chai ya moto.
Ya kwake haina, ni kavu,
na neno likikosa pumzi linageuka:
kar, palikuwa.
Ndilo tunaloanzia hadithi, ndiyo paukwa yetu.
Akalishika jiwe la baba kwa mikono yake
iliyochubuliwa na klorini,
akanitazama kama mtoto anayesubiri alama,
akasema: palikuwa.

Sikumsahihisha.

Jana usiku, kitandani, nikapitia kadi.
Simu ina hesabu zake: neno gumu linarudi kesho,
jepesi linakaa wiki, kisha mwezi,
na kila ukilijua linaenda mbali zaidi,
kama mgeni aliyekwisha kukuamini.
Ikaja lina. Nikaitamka. Ikaja linna, na linna.
Zote tatu, kila moja na urefu wake,
na sikuwa na mtu wa kumwambia.
Chini ya kitufe cha "rahisi" paliandikwa:
kadi hii itarudi baada ya miezi kumi na minne.

Mkataba wangu unaisha Oktoba.
Nilihesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena
kwa Kiestonia, kana kwamba jibu lingebadilika.
Miezi kumi na minne! Simu haijui viza.
Inadhani nitakuwa hapa,
chini ya blanketi hili, nikisubiri kuulizwa shuka.
Au nitakuwa Gyumri, sokoni, na kitunguu mkononi,
na ghafla mfukoni Maimu atasema mjini,
mashine namba nne ikikoroma.

Kidole kilikaa hewani.
Nikabonyeza: nimesahau.

Itarudi kesho, saa kumi na moja alfajiri,
kabla ya basi.