Glasi Nzima

Daktari wa hospitali ya wilaya aliniangalia usoni mara moja tu,
ikamtosha.
Akaandika: kapsuli moja asubuhi, moja usiku,
wiki kumi na mbili.
"Na maji," akasema, "glasi nzima. Usimeze halafu ukalala."

Glasi nzima.
Alikuwa mgeni, hajamaliza kiangazi hata kimoja Newala,
hajui bei ya dumu mwezi wa saba,
hajamsikia mama akiuliza, "Hayo unayamwaga wapi?"
nami nanawa tu.

Nina miaka ishirini na tisa. Nafundisha darasa la nne.
Nilidhani chunusi ni deni la ujana,
ukishalilipa umelipa.
Ismaili Nandonde, wa dawati la mbele, aliacha kuzidisha,
akanihesabu kidevu kwa kidole hewani,
akatoa jibu: kumi na saba.
Lilikuwa sahihi.

Nilishapaka liwa, dawa ya meno, maji ya mchele,
mate ya alfajiri kabla sijasema na mtu.
Mama mdogo alisema ni damu chafu.
Jirani akasema, "Ukiolewa zitaisha."
Yeye ameolewa mara tatu, na kidevu chake nakijua.

Kapsuli zilikuwa rangi mbili, kijani na njano.
Wiki ya kwanza zilinikaa tumboni kama mgeni asiyeaga.
Nilimeza na uji, nikautapika uji.
Wiki ya tatu umeme ulikatika, nikabania maji:
funda moja, nikajilaza.
Ikaganda hapa, chini ya koo,
ikaungua polepole kama korosho iliyosahauliwa jivuni.
Siku nne nilimeza mate kama ninameza msumari.
Mama akakaa kitandani na kikombe.
Hakutaja dumu.
"Kunywa," akasema. "Yote."

Baba alikuwa shambani na salfa.
Umande haujakauka, mashine inanguruma,
mikorosho inapotea ndani ya wingu la njano.
Ubwiriunga ukishika maua baba hana mzaha:
mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Nilimwuliza, je, ukiuacha wa pili?
Akanitazama kama nimeuliza kuhusu mtu anayekatiza swala
kwa kuwa amechoka kuinama.
Siku hiyo nilikuwa nimeruka kapsuli mbili,
maana paji la uso lilikuwa limetulia.

Na jua! Jua la saa nne
likanibabua pua na migongo ya mikono.
Nikafundisha desimali nimejitanda kanga kama mfiwa.
Watoto wakanipa pole, mmoja mmoja,
sikuwaambia hakuna aliyekufa.

Bibi, mzaa baba, ana nembo usoni,
mistari aliyochanjwa akiwa mwari, ikasuguliwa masizi.
Macho yake yamechoka, akanisoma mashavu kwa vidole.
"Zangu zilichanjwa siku moja," akasema.
"Nililia, wakapika, watu wakacheza mpaka asubuhi.
Zako zinakuja kila siku
na ngoma hatujaisikia."
Akacheka hadi akakohoa.
Nikacheka nami, mara ya kwanza tangu Juni,
uso ukavutika, ukauma.

Pakiti ya mwisho iliisha korosho zikianza kudondoka.
Shavu la kushoto shwari.
La kulia lina vishimo, kama mchanga baada ya manyunyu,
hivyo ni vyangu, sivipeleki kwa mtu.
Ismaili alileta daftari, akanitazama,
akarudi kwenye hesabu zake.
Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile.

Leo asubuhi, pembeni ya pua, kuna moja.
Nimeigusa. Nimenawa.
Yale maji nimemwagia mchicha,
mama akiona.