Neno la Tatu

Daktari kijana alinipa maneno matatu niyashike:
tufaha, daraja, na…
Kisha akaniambia nichore saa.
Nikaichora, na mishale yake.
Nimetengeneza mabasi ya umeme ya Kaunas miaka thelathini na minne;
saa hainishindi.

"Sasa, mzee Vytenis, yale maneno?"
Tufaha, nikasema.
Daraja.
Na hapo shingo ikageuka yenyewe
kuelekea kiti cha kushoto,
ulikokaa kila mara, mkoba magotini,
nikangoja uninong'oneze.

Kitini palikuwa na koti langu.

Akaandika kitu. Kalamu yake ina haraka.
Angeniuliza, ningemweleza:
sikusahau, daktari. Nilikuwa nimeweka amana.

Maana tuligawana, Aldona, bila kuandikiana hati.
Wewe ulichukua majina, siku za kuzaliwa, nani kamnunia nani,
dawa ya asubuhi na dawa ya jioni,
mwaka ule theluji ilipofika madirishani.
Mimi nikachukua barabara, fyuzi, bei za zamani,
na namna ya kuubembeleza mlango wa ghala unaokwama.
Nikianza kisa, ulikimalizia wewe;
ukikosea kituo, nilikurekebisha,
tukabishana mpaka chai ikapoa,
na katika ubishi ule
yaliyopita yalisimama wima.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Sasa najua hakihesabu hata wajukuu.

Tangu Novemba nimetia supu chumvi mara mbili.
Nimempigia Giedre simu huko Dublin nikamwita kwa jina lako;
hakunisahihisha, na hilo ndilo lililoniumiza.
Mitungi yako ya uyoga ingali rafuni,
mwandiko wako umelalia upande wa kulia.
Nimeimaliza ya miaka ya nyuma.
Ule wa Oktoba siufungui.

Lakini sikia ajabu hii.
Jana, nikingoja basi, nilimkumbuka mbwa wa rangi ya kutu,
Rudis, anakimbia nyuma ya kibao cha kutelezea thelujini,
kofia ya sufu imeanguka, baba anacheka.
Niliona hadi mvuke wa pumzi zake.

Mimi sijawahi kufuga mbwa.
Yule alikuwa wako, una miaka sita,
hujanijua, sijakujua.

Basi likapita. Nikashuka kwa miguu hadi mito inapokutana,
Neris ikiingia Nemunas na kuliacha jina lake pale.
Ramani husema mmoja umeishia hapo.
Nikautazama ule unaoendelea:
mpana, mzito
kwa maji ambayo hakuzaliwa nayo.

Usiku, nikivua viatu, likaja lenyewe.
Kijiko.
Kijiko tu, jamani!
Na nikajisikia nikisema kwa sauti, mkono umeinuka
kama wa mtu anayemkatiza mwenziwe:
usiniambie, usiniambie,
nimelipata.