Chungwa la Mita Ishirini

Jedwali langu lina rangi mbili:
njano ni masomo, buluu ni safari.
Februari, nilipofika Ljubljana, buluu ilitanda
hadi Venisi, hadi Viena, hadi Budapesti,
na njano ilikuwa vitone tu,
haradali iliyodondokea shati.
Sasa ni Mei. Shati lote ni haradali.

Ilze, mwenzangu wa chumba, mzaliwa wa Liepāja,
halali. Anawinda tiketi.
Saa saba usiku hunitikisa bega:
"Yuro tisa! Yuro tisa hadi Zagrebu!"
Nami nasikia tisa tu, na tisa ni maswali
ya takwimu, sijajibu hata moja.
Bibi Zdenka, mwenye nyumba, hugonga ukuta kwa kijiko.
Mara mbili: nyamazeni.
Mara tatu: njooni, kuna supu.

Mshika mawili, husemwa, moja humponyoka.
Hawakusema lipi.
Nilikwenda Viena; usiniulize ikoje.
Niliiona kwa dirisha la maktaba
nikiandika sura ya pili, ya mashapo ya mtoni.
Niliporudi, katika kipindi cha mashapo,
nikachora pembeni mwa daftari
gurudumu kubwa la Viena ambalo sikulipanda.

Mama hupiga simu Jumapili kutoka Bragança,
simu begani, mikono ikikunja shuka za hoteli
wanazolalia watu waliofika kutoka kwingine.
"Venisi umeshafika?"
Bado.
"Mtihani umeshafanya?"
Bado.
Akanyamaza, nikasikia shuka ikipigwa hewani.
"Basi mwanangu, mji uliokwenda unaitwa Bado.
Niletee picha zake."

Kisha Profesa Zupanc, miwani kwenye nywele:
"Pimeni mto. Wowote, mradi una maji.
Ripoti Jumatatu, saa tatu asubuhi."
Na Jumamosi, tangu Machi, ilikuwa buluu:
Venisi, viti viwili, fedha hairudishwi.

Kituoni alfajiri Ilze hakunikasirikia,
na hilo ndilo lililoniuma.
Alinipa nusu ya mkate wake, akapanda lake.
Mimi nikapanda jingine, la kuelekea milimani,
na futi kamba, na saa ya mkononi, na chungwa.

Ndiyo, chungwa. Huelea nusu limezama,
upepo haulisumbui, na jicho haliliachi.
Nilishuka Most na Soči, nikatembea kupanda
hadi juu ya bwawa, mto unakokwenda wenyewe.
Tarishi mmoja, Tinkara, akasimamisha pikipiki
akidhani nimepoteza kitu.
Nikamweleza. Akashika ncha ya kamba
kama aliyeshika kamba za mito maisha yake yote,
barua za watu zikisubiri kwenye sanduku.

Mita ishirini. Sekunde kumi na nne.
Mara ya pili, kumi na tatu na nusu.
Mara ya tatu nilisahau kuhesabu.
Maji yalikuwa na rangi ambayo sikuipangia siku,
nikasimama mdomo wazi,
na chungwa likapita mikono ya Tinkara, likaenda zake.
"Italia!" nikasema, "huu mto huenda Italia!"
"Huenda," akasema, "ila chungwa lako lina bwawa mbele."
Akawasha pikipiki.

Kwenye treni nilipiga hesabu gotini.
Kanuni inasema: maji ya juu hukimbia kuliko ya chini,
kwa hiyo usiliamini chungwa lote,
zidisha kwa sifuri nukta nane tano.
Nikajaribu na miezi yangu minne.
Nikajaribu kuipaka Jumamosi rangi zote mbili.
Jedwali likakataa: kisanduku kimoja, rangi moja.

Ilze alirudi Jumapili usiku, viatu vimelowa.
"Ikoje?" nikauliza. "Ina maji," akasema,
akalala na koti lake.
Niliandika hadi saa tisa; hitimisho halikuja.
Ukuta ukagongwa kwa kijiko.
Mara moja.
Hiyo hatujawahi kuambiwa maana yake.