Hodi ya Juni

Mbeyu ameleta wanne ndani ya kikapu,
kawanasa ukutani nyuma ya shule, Tudor,
kwa chelewa na kitanzi cha uzi.
Watoto walimzomea: waue hao makafiri,
ndio waliopuliza moto wa Nabii Ibrahimu!
Hakuwajibu. Aliandika tu:
dume, kichwa rangi ya jivu, Juni.

Mimi kazi yangu ni wembe.
Ubongo wa mjusi hauzidi punje ya hindi;
naugandisha, naukata vipande
vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nautia rangi, kisha nangoja
huku jenereta ikikohoa uani.

Asubuhi, chini ya hadubini: vidoa vyeusi.
Ndivyo vipokezi. Tuseme milango.
Novemba, vuli ikishalowesha kuta,
hujazana kama kunguru jaani Kibarani,
na dume, kichwa chekundu cha achari,
hupiga pushapu juu ya tangi la maji.

Juni, weupe.
Kidoa hapa. Kidoa kule.
Nikamdunga homoni ya Novemba, kipimo kamili,
damu yake ikajaa hodi, hodi, hodi.
Akaota jua. Akala siafu.
Jike akamkanyaga mkia, akapita zake.

Si kwamba hakuitwa.
Nimeliandika hilo mara tatu kwenye ripoti,
na mara zote limetoka baridi.

Seif alirudi kutoka Doha tarehe tisa,
masanduku mawili, udi, shuka za hariri.
Akaniita lile jina la fungate.
Nikalisikia. Nikamwandalia mbaazi na mahamri.
Usiku nikageukia ukuta.
"Nimekukosea nini?"
"Hujakosa."
Mamake akanong'ona kuwa Marikiti kuna dawa.

Ningemwambiaje kwamba hodi yake ni njema,
sauti ni ile ile,
ila seremala wa milango
hajaripoti kazini?

Akaondoka Julai. Shuka zimo kabatini, na karatasi zake.

Mbeyu asema milango huanza kuchongwa
kabla ya tone la kwanza,
mjusi mwenyewe hana habari.
Sikumsadiki.

Leo ni Septemba, kukavu, vumbi hadi kwenye chai.
Kipande cha kumi na saba:
vidoa sita, palipokuwa na viwili.
Nimehesabu tena.
Sita.
Simu iko mezani, kando ya wembe.
Bado sijaigusa.